Maisha ya Maria Gaetana Agnesi na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Hisabati

Wanafunzi wengi humaliza somo la grafu za fanksheni wiani wakiwa wamekariri jambo moja tu, kwamba asimptoti ni mstari usioguswa kamwe na grafu. Kanuni hiyo ina kasoro: grafu ya y = x/(x² + 1) hukata asimptoti yake ya mlalo palepale kwenye chanzo. Ili tupate njia iliyo bora, yafaa tuyatazame maisha ya mwalimu mmoja wa kale.

Maria Gaetana Agnesi alizaliwa Milan, Italia, tarehe 16 Mei, 1718. Baba yake, Pietro, alikuwa tajiri wa ukoo wa wafanyabiashara wa hariri. Alioa mara tatu, akapata watoto 21, na Maria ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Binti huyo alijaliwa kipaji cha lugha na hisabati, na kazi ya kuwafundisha wadogo zake ilimwangukia yeye.

Mwaka 1748 alitoa kitabu cha aljebra na kalkulasi katika majuzuu mawili. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya wangali wakiandika kwa Kilatini. Yeye aliandika kwa Kiitalia, lugha ya vijana aliowakusudia, akapanga mambo kutoka mepesi hadi magumu. Mwaka 1750 Papa Benedikto wa 14 alimteua kufundisha Chuo Kikuu cha Bologna, lakini hakwenda kufundisha huko.

Katika kitabu hicho umo mchoro unaobeba jina lake hadi leo, ingawa Fermat na Grandi waliushughulikia kabla yake. Grandi aliuita versiera. John Colson, Mwingereza aliyekitafsiri kitabu, alilichanganya neno hilo na lile la mchawi. Tafsiri ikatoka mwaka 1801, na Waingereza wakauita hivyo.

Mlinganyo wake ni y = a³/(x² + a²). Tukichukua a = 2, tunapata y = 8/(x² + 4). Wanafunzi na watengeneze jedwali: x ikiwa 0, y ni 2, x ikiwa 2, y ni 1, ikiwa 4, ni 0.4, ikiwa 6, ni 0.2, ikiwa 14, ni 0.04. Wataona wenyewe grafu ikiukaribia mhimili wa x pande zote mbili. Kisha tuwaulize kama asili yaweza kuwa sifuri. Haiwezi, kwa hiyo hakuna asimptoti ya wima. Hapo tubadili alama, iwe y = 8/(x² − 4). Sasa asili ni sifuri x ikiwa 2 au −2, na asimptoti mbili za wima hujitokeza.

Baba yake alipofariki mwaka 1752, Agnesi aliiacha hisabati, akatumia mali yake kuwahudumia maskini na wagonjwa. Mwaka 1771 alikabidhiwa uangalizi wa wanawake katika Pio Albergo Trivulzio, makao ya wazee na maskini mjini Milan. Alifariki tarehe 9 Januari, 1799, akazikwa katika kaburi la pamoja na maskini.

Kwetu sisi walimu, funzo lake ni bayana. Kanuni isitangulie jedwali, na maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mwanafunzi aifikiria. Anayeelewa kwa nini asili haiwezi kuwa sifuri hana haja ya kukariri.