Rafiki wa baba aliyemwona Kambarage

NYAKABIGA, Bujumbura – Mfanyabiashara wa hapa Nyakabiga anayefuata mzigo Kigoma hana muda mrefu wa kukaa na wanawe. Mtoto akionekana mwepesi wa hesabu, mara nyingi anaambiwa ashike duka. Julius Kambarage Nyerere naye angeweza kubaki hivyo hivyo, ila yeye angebaki machungani.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake wengi, na mwana wa mtemi kuchunga mbuzi halikuwa jambo la ajabu. Burito alikuwa na rafiki, Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, ambaye akija walicheza bao, mchezo ambao Warundi wanauita ikibuguzo. Inasimuliwa kuwa Makongoro aliuona wepesi wa akili wa kijana huyo kwenye bao, akamsihi mwenzake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage alianza Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo Tabora, kisha Makerere, alikohitimu ualimu mwaka 1945.

Alipokuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, alimsaidia kupata nafasi Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wengi humtaja padri huyo. Kwangu mimi, Makongoro alifanya kubwa zaidi: hakuwa na shule, hakuwa mwalimu, na mtoto hakuwa wake. Alimtazama tu kwa makini, kisha akasema na baba.

Alirudi 1952, akafundisha Pugu, akaongoza TANU tangu Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu. Hata akiwa Rais alitafsiri Shakespeare. Mabepari wa Venisi, kisa cha tajiri ambaye mali yake iko baharini, kilitoka 1969. Wasomaji wetu wanaijua hofu hiyo.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa Burundi, akisuluhisha mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki London, 14 Oktoba 1999. Mkataba ulitiwa saini Agosti 2000.

Mmoja wa wanawe anaitwa Makongoro, na amewahi kuwa mbunge katika Bunge la Afrika Mashariki.