Jiro Horikoshi na uzito wa ndege yake

Mwaka jana, kabla ya kupanda ndege ndogo kwenye uwanja wa Bangboka, nilipimwa kwenye mizani pamoja na mfuko wangu, kama vile gunia la mchele. Mfuko ulizidi kilo tatu. Nilitoa viatu na kamusi moja, nikamwachia mdogo wangu aliyenisindikiza. Abiria wengine walinung'unika, mimi sikunung'unika. Wakati huo nilikuwa ninasoma maisha ya mtu aliyehesabu uzito wa ndege gramu kwa gramu: Jiro Horikoshi, Mjapani aliyebuni ndege ya vita inayojulikana duniani kwa jina la Zero. Ninamleta katika jarida letu la lugha kwa sababu maisha yake yaliongozwa na maandishi mafupi, orodha ya madai, na sisi hapa kitivoni kazi yetu ni kusoma maandishi.

Horikoshi alizaliwa tarehe 22 mwezi wa sita 1903, karibu na mji wa Fujioka, mkoa wa Gunma. Alisoma uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akamaliza mwaka 1927, akaingia kazini Mitsubishi, mjini Nagoya. Kampuni ilimtuma Ulaya na Marekani akaone wenzao wanavyofanya. Ndege ya kwanza ya vita aliyopewa kuongoza haikufaulu: zilijengwa mbili za majaribio, na zote mbili zilianguka. Hakufukuzwa. Ndege yake iliyofuata iliruka mwaka 1935, nayo ikafikia mwendo wa kilomita 450 kwa saa. Vichwa vya ribiti zake vilizamishwa ndani ya bati ili upepo usikwame popote.

Mwaka 1937 jeshi la majini lilitoa orodha mpya. Lilitaka ndege ya kurukia kwenye manowari, yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa, inayopanda mita 3000 kwa dakika tatu na nusu, inayoweza kukaa angani saa sita hadi nane ikiwa na tangi la ziada, yenye mizinga miwili ya milimita 20 na bunduki mbili za rashasha, na juu ya hayo yote iwe nyepesi kugeuka. Kampuni ya Nakajima ilisoma orodha hiyo ikajitoa. Horikoshi akabaki nayo.

Tatizo lake lilikuwa injini. Ile aliyoanza nayo haikufikia nguvu za farasi 900. Kama injini haiwezi kuongezwa, kinachobaki ni kupunguza mzigo. Alitumia aina mpya ya aluminiamu ngumu iliyotoka kampuni ya Sumitomo. Alijenga bawa zima na sehemu ya kati ya ndege kuwa kitu kimoja, ili kuepuka viungo vizito. Alitoboa matundu katika vyuma vya ndani popote ambapo chuma hakikubeba kazi.

Kiwanda cha Nagoya hakikuwa na uwanja wa kurukia. Ndege hiyo ya kisasa ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikavutwa polepole mpaka Kagamigahara. Iliruka mara ya kwanza tarehe 1 mwezi wa nne 1939. Majaribio yalidai watu: rubani Okuyama alikufa mwaka 1940, na Luteni Shimokawa mwaka 1941, akitafuta sababu ya mabawa kutetemeka.

Jina lake lilitoka kwenye kalenda. Mwaka 1940 ulikuwa mwaka 2600 kwa hesabu ya Kijapani, na jeshi lilichukua tarakimu ya mwisho. Neno letu sifuri na neno zero la Wafaransa yana mzizi mmoja, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu. Jina lilipatikana kwa bahati, lakini linanifanya nirudi kwenye ile orodha na kutazama nafasi iliyo tupu. Mwendo umo, masafa yamo, silaha zimo. Ulinzi wa rubani haumo. Kwa hiyo nyuma ya kiti hapakuwa na bamba la chuma, na matangi ya mafuta hayakuweza kujiziba yakitobolewa na risasi.

Mwanzoni hakuna aliyeona pengo hilo. Mwezi wa tisa 1940, juu ya Chongqing, ndege 13 za Zero zilipigana na Wachina bila kupoteza hata moja. Lakini mwezi wa sita 1942 Zero moja ilianguka katika visiwa vya Aleutian bila kuharibika sana. Wamarekani waliitengeneza, wakairusha, wakaujua udhaifu wake. Zikaja ndege zao nzito zenye injini za nguvu za farasi 2000. Zero zikawaka moto, na marubani wazoefu wakaisha. Tangu mwezi wa kumi 1944 vijana walitumwa ndani yake wajigonge na meli pamoja na bomu. Hao hawakuhitaji bamba la chuma tena.

Horikoshi hakuwa mjinga. Injini haikumwachia nafasi, na katika kumbukumbu zake anakiri kwamba yeye na wenzake walioujua utajiri wa viwanda vya Marekani hawakuamini kuwa Japani itashinda. Hata hivyo aliendelea kuchora. Baada ya vita alishiriki kubuni ndege ya abiria YS-11, akafundisha vyuo vikuu, akafa tarehe 11 mwezi wa kwanza 1982, akiwa na miaka 78.

Wengi humsifu kwa kutimiza kila dai. Ni kweli, alitimiza, na mimi namheshimu kwa hilo. Ila pale Bangboka kilo zangu tatu zilitolewa ili nifike nikiwa mzima. Kilo alizozikosa rubani wa Zero ndizo zingemrudisha nyumbani, na hakuna aliyeziandika katika orodha.