Marian Anderson: Sauti Iliyocheleweshwa Mlangoni

Katika historia ya opera, yaani tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema, ni nadra kumpata msanii aliyeingia katika kumbukumbu za jukwaa kwa kuigiza mhusika mmoja tu. Marian Anderson ni mmoja wao, na kipaji chake hakikuwa na lawama katika jambo hilo.

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1897 mjini Philadelphia, Marekani. Tangu utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa. Baba yake, aliyekuwa akiuza makaa ya mawe na barafu, alifariki Marian akingali mdogo, na mama akabaki kuwalea mabinti watatu kwa vibarua. Chuo cha muziki cha mjini humo kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Waumini wa kanisa lake ndio waliochanga fedha ili apate mwalimu wa sauti.

Mwaka 1925 alishinda mashindano yaliyompa nafasi ya kuimba pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Hata hivyo, kumbi nyingi za nchi yake ziliendelea kumfungia milango. Katika miaka ya 1930 alijijengea jina barani Ulaya, hususan Skandinavia, ambako mtunzi Jean Sibelius alimtunukia wimbo.

Aliporejea nyumbani na sifa hizo, ubaguzi ulikuwa ukimngoja. Mwaka 1939 chama cha Daughters of the American Revolution kilimnyima ukumbi wake jijini Washington. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alijiuzulu uanachama kwa kupinga uamuzi huo. Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, Anderson aliimba nje, katika ngazi za jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, mbele ya umati wa watu wapatao 75,000.

Ilimbidi angoje miaka mingine kumi na mitano na ushei. Tarehe 7 Januari 1955 aliigiza Ulrica, mpiga ramli katika opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera, katika jumba la Metropolitan jijini New York. Alikuwa mwimbaji wa kwanza Mweusi kupewa dhima ya mhusika katika kampuni hiyo iliyoanza maonyesho mwaka 1883. Alikuwa na umri wa miaka 57, na sauti yake ilikwisha kupita upeo wake. Hakuigiza mhusika mwingine wa opera.

Siku 20 baadaye Robert McFerrin aliingia kwa mlango uo huo, na mwaka 1961 akafuata Leontyne Price. Anderson aliaga majukwaa mwaka 1965, akafariki tarehe 8 Aprili 1993 akiwa na miaka 96.

Wahenga walisema kawia ufike. Anderson alifika, ila hakukawia kwa hiari yake. Dhima ambazo angeziimba akiwa na miaka 30 hakuna aliyezisikia.