Claude Shannon: Msomi aliyeupa ujumbe kipimo

KILA picha inayotumwa kwa rununu na kila wimbo uliohifadhiwa katika tarakilishi huwa umegeuzwa kuwa tarakimu mbili tu: sufuri na moja. Aliyeweka msingi wa elimu hiyo ni Mmarekani Claude Elwood Shannon.

Shannon alizaliwa Aprili 30, 1916 katika jimbo la Michigan, akalelewa katika mji mdogo wa Gaylord. Akiwa mvulana, aliunda telegrafu ya kuwasiliana na rafikiye kwa kutumia seng'enge za ua wa malisho.

Mnamo 1936 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa shahada mbili, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati. Kisha alijiunga na chuo cha MIT, ambako alisaidia kuendesha mashine kubwa ya kukokotoa ya Profesa Vannevar Bush.

Mashine hiyo ilitegemea swichi za umeme. Shannon alitambua kuwa kufunguka na kufungika kwa swichi hizo kulilingana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati wa karne ya 19, ambamo kauli huwa ama kweli au uongo. Tasnifu yake ya uzamili ya 1937, alipokuwa na umri wa miaka 21, ilithibitisha kuwa saketi za umeme zaweza kufanya hesabu.

Alipata shahada ya uzamifu mnamo 1940. Mwaka uliofuata aliajiriwa na maabara ya Bell, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akashughulikia mawasiliano ya siri.

Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina ilichapishwa 1948. Wakati huo wahandisi wengi waliamini kuwa makosa yanayoletwa na kelele za njiani hayapunguziki ila kwa kuongeza nguvu za umeme au kurudiarudia ujumbe.

Shannon alithibitisha vingine. Kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake cha kasi. Kasi isipopita kikomo hicho, makosa yaweza kupunguzwa karibu yaishe, mradi ujumbe ufumbwe ipasavyo. Aidha, alipima habari kwa kiasi cha shaka inayoondolewa: jambo lililokwisha kujulikana halina habari mpya. Kipimo chenyewe ni biti, jina lililopendekezwa na mwenzake John Tukey.

Hakueleza, lakini, jinsi ya kuunda mafumbo bora kabisa. Watafiti walihangaika hadi 1993, zilipozuka mbinu za kukaribia kikomo chake.

Shannon alirejea MIT mnamo 1956 na kufundisha hadi 1978.

Uzeeni alipatwa na maradhi ya Alzheimer. Gaylord ilipomzindulia sanamu mnamo Oktoba 2000, hali yake haikumruhusu kuhudhuria. Alifariki Februari 24, 2001 akiwa na umri wa miaka 84. Aliyewafunza wengine kuukinga ujumbe usipotee njiani alikuwa amepokonywa kumbukumbu zake mwenyewe.