Sandow, mbabe aliyeuza picha za misuli yake

Kabla hajauza vyuma vya mazoezi, jarida na kakao, Eugen Sandow alikuwa na bidhaa moja tu, nayo ni mwili wake. Bidhaa hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mfanyabiashara yeyote ataiona: haiwezi kuwa London na New York siku moja. Picha inaweza.

Alizaliwa mwaka 1867 mjini Königsberg, Prussia, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Jina lake lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller; hilo la Sandow alijipa mwenyewe. Novemba 1889 alimshinda jukwaani London mbabe aliyejiita Sampson, na umaarufu ukaanza hapo. Mwaka huohuo Henry van der Weyde alimpiga picha akiwa amejisitiri kwa jani tu, katika mkao wa sanamu za Kigiriki.

Picha hizo hazikununuliwa na wanawake peke yao. Edmund Gosse, mhakiki wa vitabu aliyeheshimika, alimtumia rafiki yake John Addington Symonds, msomi ambaye maandishi aliyoyaacha yanakiri kwamba alipenda wanaume. Tangu 1885 sheria ya Uingereza ilimfunga mwanamume kwa jambo hilo. Mkao wa Kigiriki ukawa kinga: aliyezitazama kwa kutamani na aliyetaka tu kifua kama kile waliweza wote kusema wanapenda sanaa.

Huko Marekani alisimamiwa na Florenz Ziegfeld, aliyemwonyesha Chicago mwaka 1893, na mwaka uliofuata studio ya Thomas Edison ikampiga filamu. Lakini hesabu yake kali zaidi ilikuja mwaka 1898, alipoanzisha jarida la mazoezi ya mwili. Picha za wanaume waliovua mashati sasa zilikaa kando ya makala za chakula, pumzi na usingizi. Karani aliyelifungua ndani ya treni hakuwa anatazama miili ya wanaume, alikuwa anasoma. Maandishi yaliipa picha kibali, picha ikauza maandishi, na wasomaji nao wakatuma za kwao zichapishwe.

Septemba 14, 1901, aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, naye Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, akawa mmoja wa waamuzi. Baadaye alizuru Afrika Kusini na India. Mwaka 1911 Mfalme George V alimteua mkufunzi wake wa mazoezi.

Kakao ndiyo iliyomwangusha. Aliingia sokoni palipokuwa na wakongwe wenye mitaji minene, akidhani sura yake kwenye kopo ingetosha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, asili yake ya Kijerumani nayo ikawa mzigo, ingawa alikuwa ameshachukua uraia wa Uingereza. Kampuni ikafa.

Sandow alifariki London Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58. Mkewe Blanche, ambaye ndoa yao ilikuwa imeingia baridi, hakumwekea jiwe. Mtu aliyepigwa picha kuliko wanaume wengi wa zama zake alilala makaburi ya Putney Vale bila hata jina kwa zaidi ya miaka 70, huku picha zake zikiendelea kununuliwa na wakusanyaji.