Lorenz Hiltner na udongo unaoshika mizizi

Ukiking'oa mche wa maharage baada ya mvua, kuna udongo unaobaki umeshikamana na mizizi. Wengi wetu tunaukung'uta na kuendelea na kazi. Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya Mjerumani aliyeupa udongo huo jina.

Lorenz Hiltner alizaliwa mwaka 1862 huko Neumarkt, Bavaria. Alipokuwa kijana alifanya kazi Tharandt chini ya Profesa Friedrich Nobbe, mtaalamu wa mbegu. Wakati huo ilikwishajulikana kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Wawili hao wakawakuza bakteria hao, na mwaka 1896 wakapata hataza ya bidhaa iliyouzwa kwa wakulima kwa jina la Nitragin.

Hapo shida ikaanza. Baadhi ya mashamba yalistawi, mengine hayakubadilika hata kidogo, na mkulima ametoa fedha yake. Hiltner akaendelea kuchunguza mbegu, mizizi na udongo.

Mwaka 1902 alihamia Munich kuongoza kituo cha kilimo. Mwaka 1904 akaeleza alichogundua: mzizi haunyonyi tu, nao hutoa majimaji yanayolisha vijidudu. Ndiyo maana karibu na mzizi kuna bakteria wengi kuliko mbali nao, na kila aina ya mmea hukusanya wa kwake. Eneo hilo akaliita rizosfia. Alionya pia kwamba chakula hicho huvuta hata wageni wasioalikwa, wale waletao magonjwa.

Hiltner alifariki mwaka 1923, lakini kazi yake bado inatugusa shambani. Ukipanda mahindi mahali pale pale kila msimu, unawalisha vijidudu wale wale. Ukibadilisha na kunde, unawaita wengine.

Na ukinunua pakiti ya bakteria wa soya, usitumie kwenye maharage, maana mazao hayo mawili hutumia bakteria tofauti. Iweke kivulini, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi. Mimea ikikaribia kutoa maua, chimba mmoja taratibu, usiung'oe, kisha upasue kinundu. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawakusaidii.