Churchill: Huzuni iliyomrudia uzeeni

SIR Winston Churchill hukumbukwa kama waziri mkuu aliyeiongoza Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wakenya nao wana sababu zao za kumkumbuka, kwani serikali yake ndiyo iliyokuwa mamlakani hali ya hatari ilipotangazwa nchini mwaka wa 1952. Hata hivyo, kiongozi huyo alipigana vita vingine kimyakimya: vita dhidi ya huzuni.

Alizaliwa Novemba 30, 1874. Angali kijana, alianza kupatwa na vipindi vya majonzi mazito ambayo aliyafananisha na mbwa mweusi. Mwaka wa 1915 aliondolewa katika wizara ya jeshi la majini baada ya mashambulizi ya Dardanelles, nchini Uturuki, kugonga mwamba. Ili kujiliwaza, alianza kuchora kwa rangi. Hadi kufa kwake, alikuwa amechora picha zaidi ya 500. Nyumbani kwake Chartwell, alijenga kuta za matofali kwa mikono yake mwenyewe.

Usingizi pia ulimfaa. Wakati wa vita, akiwa na zaidi ya miaka 65, alifanya kazi hadi usiku wa manane. Ili kumudu mzigo huo, kila alasiri alivua nguo, akapanda kitandani na kulala kwa muda wa saa moja au zaidi.

Mwaka wa 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini mwaka huo huo alipatwa na kiharusi. Alistaafu Aprili 5, 1955, akiwa na miaka 80. Baada ya hapo, nguzo zilizomtegemeza ziliporomoka moja baada ya nyingine. Kazi ilikwisha, masikio yakawa mazito, brashi ikawekwa kando, na marafiki wengi wakamtangulia kaburini. Alishinda akiutazama moto bila kunena. Kwa mujibu wa watu wa karibu naye, alihisi kwamba juhudi zake zote ziliambulia patupu. Alifariki Januari 24, 1965, akiwa na miaka 90.

Sifa na tuzo hazikumkinga. Maisha yake yanafunza kwamba mzee anyamazaye, akosaye usingizi na kupuuza alichokipenda, asidhaniwe kuwa amechoshwa na umri tu. Sonona si sehemu ya uzee. Ni maradhi yanayotibika. Apelekwe kwa daktari, apewe shughuli anayoiweza, na apate wa kuzungumza naye.